Mtani Kasema Mlima ni Wake, Mwanafunzi wa Ulaya Kaandika

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Sijui kama wewe ni mzee au kijana lakini nakuamkia hivyo hivyo, maana mtu anayeulizwa na watu wote lazima atakuwa mkubwa. Mimi ni kijana wa huku milimani Uluguru, juu ya Kinole, shule ya misheni nilisoma kidogo tu, herufi zilipoanza kushikana mjomba akanitoa nikalime, kwa hiyo ukiona mahali sikuweka nukta usinicheke, pumzika mwenyewe pale unapochoka. Naomba msaada kwa sababu nikisema naumiza watu na nikinyamaza naumiza watu, na kusema ndiyo kazi inayonishinda kuliko zote. Kutazama naweza hata kutwa, lakini mbele za watu ulimi wangu unakuwa kama umekaliwa.

Ilikuwa hivi. Alikuja kwetu kijana wa Kidachi, si wa boma, si padre, si mwenye shamba, ni mwanafunzi, na sisi tulishangaa sana mtu ana ndevu na bado ni mwanafunzi. Jina lake Bwana Detlefu, lakini watu wanamwita Bwana Ninihii, kwa sababu akiona kinu, nini hii, akiona mtego wa panya, nini hii, akiona bibi yangu anapiga chafya, nini hii. Padre akatueleza baada ya misa kwamba huyu anasoma chuo kikuu huko Ulaya, na kule mwanafunzi akikaribia kumaliza hapewi swali lililokwisha kujibiwa, anaambiwa nenda katafute jambo ambalo hata sisi walimu wako hatulijui, uliza, chunguza, andika, rudi nalo, halafu walimu wazee wanakaa wanamhoji, wakiridhika anakuwa mwalimu, wasiporidhika anarudi kwa baba yake kushona viatu. Na jambo alilopewa yeye ni kujua huku kwetu ardhi ni ya nani na inapitaje kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa mtu yule. Padre akasema, "Msaidieni, wanangu. Mkimjibu vizuri, naye atafaulu vizuri." Jumbe akampa nyumba, wanawake wakampelekea maharage, na mjomba wangu Severini akanitoa mimi niwe nafuatana naye, kwa sababu, alisema mjomba, "Huyu hasemi sana, hatamchosha mgeni."

Na mimi nilimpenda mshauri, sitaki nikufiche. Hana makuu. Akianguka kwenye utelezi anacheka mwenyewe kabla yetu. Siku moja tumekaa akaniuliza, "Andrea, wewe unamwogopa nani?" Nikasema mjomba. Akasema, "Mimi namwogopa mwalimu wangu. Akivua miwani tu, tumbo linaniuma." Nikamwonea huruma kweli, mtu mzima, na kabila lao ndilo linalotutawala, na tumbo linamuuma kwa ajili ya miwani.

Mambo ya ardhi aliyashika upesi. Aliandika kwamba kwetu ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, mtu analima kwa mama yake na kwa mjomba wake, si kwa baba yake. Vizuri kabisa mpaka hapo. Sasa, mara akafa babu yetu, mjomba wake mjomba Severini, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, na Bwana Ninihii akaomba ahudhurie mazishi, akaruhusiwa, akaletewa kigoda akakaa na daftari lake magotini.

Wewe unajua msiba wa kwetu, watani lazima waje. Ukoo wetu una ukoo mwingine ambao ni watani wetu toka zamani, na mkubwa wao wa maneno ni Mikidadi, anauza chumvi na kaniki kule sokoni Morogoro, alipanda mlima siku ile ile aliposikia. Wao ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaobeba, na ndio wanaotukana. Basi Mikidadi akafika anachechemea vile vile kama alivyokuwa akichechemea marehemu, na fimbo ya marehemu mkononi, watu wanalia na wanacheka, halafu alipomaliza kuchimba akalala yeye ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe jogoo.

Bwana Ninihii akasimama akachungulia shimoni. "Nini hii? Kwa nini unakataza kuzika?"

Mikidadi akamjibu kutoka kule chini, "Bwana mkubwa, afadhali umekuja wewe. Hawa ni wezi. Kaburi hili langu, mteremko huu wote langu, mpaka kule mtoni. Hawa unaowaona wanalia si watu huru, watumwa wangu hawa, babu yangu aliwanunua kwa chumvi akawaweka hapa wamlindie mahindi. Sasa mmoja kafa, nani atanilipa?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika miti. Bwana hakucheka, aliandika. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya ukoo mzima, "Andrea, ni kweli?"

Sasa hapa ndipo penyewe mshauri. Mtani akikutukana msibani hukasiriki na humkatalii, ukimkatalia umeharibu msiba, wewe unaongeza. Watu wote wananitazama. Na sijui ilitoka wapi siku ile, ulimi ukafunguka, nikasema, "Kweli bwana. Tena kwa chumvi iliyokwisha lowa mvua, ndiyo maana hatujampa faida mpaka leo."

Wee! Walicheka hata mjane alicheka, akajifuta machozi kwa kanga akasema, "Jamani kumbe Andrea ana mdomo!" Mikidadi mwenyewe alitoka kaburini kwa kucheka akanishika mkono, jogoo akamsahau. Toka nizaliwe sijawahi kusema neno watu wakacheka. Nilirudi nyumbani kichwa kikubwa.

Baada ya siku kidogo Bwana Ninihii akaniita mezani kwake, amefurahi, uso umewiva, akanisomea aliyoandika. Kwamba ardhi ya ukoo wetu si ya ukoo wetu. Kwamba sisi ni watumwa wa ukoo wa Mikidadi, tuliwekwa pale kulinda mahindi, na kwamba mwenye mali amesema hivyo na mtumwa mwenyewe amekubali mbele ya watu wengi na hakuna aliyebisha. Akasema mwalimu wake amemfundisha kwamba jambo likisemwa na pande mbili zinazogombana na zikapatana, hilo ni la kuaminika. "Andrea, umenisaidia kuliko wote. Nitaliandika jina lako." Akanishika bega. Mimi nikasema, "Vizuri, bwana." Basi. Ndicho nilichosema. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba nikatazama kuku.

Nilidhani itaishia Ulaya huko. Haikuishia Ulaya. Kuna Mdachi mwingine anatafuta ulanga, yale mawe yanayong'aa kama kioo na kubanduka kama maganda ya kitunguu, na ulanga umeonekana kwenye mteremko wetu, pale pale anapolima bibi. Huyu alikuja kumtembelea mwenzake, wakanywa kahawa, wakasomeana, na Bwana Ninihii hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajivunia kazi yake tu. Kumbe yule akaenda boma akasema, mwenye mlima ule si wale wanaoulima, mwenyewe ni mtu wa sokoni Morogoro, na mimi nataka kununua kwake. Boma wakaomba wapelekewe nakala ya maandishi ya mwanafunzi, akawapelekea, na shauri limewekwa baada ya Pasaka.

Mikidadi kaitwa. Alipanda mlima anahema, safari hii hachechemei.

"Wewe mtumwa, umeniponza!"

"Mimi? Si wewe uliyelala kaburini ukasema?"

"Mimi nilisema kama mtani. Wewe ulisema kweli bwana! Sasa nimeitwa nikauze mlima. Mke wangu keshaanza kuniuliza mlima gani, siku zote nalala njaa nina mlima!" Alitaka kucheka akashindwa. Akakaa chini. "Andrea, nikisema ni wangu nimewaibia watani zangu, nitazikwa na nani? Nikisema nilidanganya, ni viboko. Mimi natoroka, nakwenda Gairo kwa shemeji yangu mpaka yapite. Na wewe nyamaza. Ukisema umenipiga wewe viboko hivyo."

Nikaenda kwa mjomba Severini. Mjomba akasema, "Ulifungua mdomo mwenyewe, sasa ufunge. Mambo ya Wazungu yakiguswa yanakua." Lakini naona halali vizuri, anakwenda kule mteremkoni anasimama tu. Na bibi yangu hajui kitu, anapalilia maharage yake na kuniuliza mbona siku hizi sili.

Sasa mshauri niambie. Bwana Ninihii atateremka kwenda pwani kupanda meli baada ya shauri hilo. Nikimwambia ukweli nimeivunja kazi yake yote, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuniambia nimemsaidia, akashone viatu kwa ajili yangu? Nikisema, Mikidadi anapigwa. Nisiposema bibi anaondolewa, na watu watasema ukoo ulipotea kwa mdomo wa Andrea siku moja tu alipoufungua. Tena hata nikitaka kusema naanzaje, maana yeye aliandika nilivyosema, hakuongeza neno. Nani kakosa hapa? Mimi sioni. Padre alisema tumsaidie, na mimi nilimsaidia.

Ni mimi niliyechanganyikiwa, Andrea. Ukoo wangu nimeuandika nyuma ya karatasi.

*

MSHAURI ANAJIBU

Andrea (jina hili nimekupa mimi, na majina mengine yote nimeyageuza, la ukoo wenu nimelifuta kabisa),

Marahaba. Kunywa maji kwanza.

Umeuliza nani kakosa. Msibani hukukosa. Ulijibu kama ulivyolelewa, na ulijibu vizuri, hata mimi hapa mezani nilicheka peke yangu. Kosa lako ni lile la mezani kwa Bwana Ninihii. Pale hapakuwa na kaburi, hapakuwa na jogoo, hapakuwa na mtani. Alikuwapo kijana mmoja anakusomea maneno kwa sauti ya kawaida ili umwambie yako sawa au hayako sawa, na wewe ukasema "Vizuri, bwana" ukaenda kutazama kuku. Hiyo si aibu ya kuzaliwa nayo, Andrea. Uliogopa kumpoteza rafiki.

Unasema ukimwambia utaivunja kazi yake. Sasa fikiri. Wale wazee wenye miwani si wajinga. Mmoja wao akiwa amewahi kukaa huku, au amewahi kusoma habari za watani, atavua miwani mbele ya watu na kumuuliza, "Kijana, ulimwamini mtu aliyelala kaburini?" Ungependa alisikie hilo kule, peke yake, au kwako, na sahani ya maharage mbele yake? Mwanafunzi anayetafuta jambo jipya hasaidiwi na watu wa kumwitikia. Waitikiaji anao wengi. Anasaidiwa na mmoja wa kumwambia, "Bwana, hapa hujaelewa, kaa chini tuanze tena." Na padre wenu, kwa heshima yake yote, alipowaambia mjibu vizuri, angewaambia mjibu kweli na mumsahihishe. Asikie nami hapa.

Mjomba Severini naye. Shikamoo mjomba, lakini hapana. Neno la ardhi ya ukoo halisemwi na mpwa asiyepata hata kiti barazani. Linasemwa na mkubwa wa ukoo, na tangu mlipomzika mzee wenu mkubwa ni wewe. Kusimama mteremkoni bila kulala hakuzuii ulanga kuchimbwa.

Mikidadi, usiende Gairo. Siku ya shauri ukikosekana, watasema mwenye mlima amekimbia na watumwa hawana la kusema, na hapo mlima hauna mtu kabisa. Wewe unajua kazi ya mtani. Anayewatukana siku ya msiba ndiye anayewabeba siku ya msiba. Huu ni msiba. Njoo ubebe.

Sasa fanyeni hivi, kabla ya Pasaka.

Matanga ya mzee hamjayaondoa bado, nadhani, na watani lazima waitwe walipwe chao. Mwiteni Mikidadi, mwiteni na Bwana Ninihii, apewe kigoda chake kile kile na daftari lake. Watu wakishakaa, Mikidadi aanze. Aseme viatu vya Bwana ni vyake, alimwazima tu asitembee peku. Aseme na meza ya Bwana ni yake, na zile ndevu babu yake ndiye aliyempandia. Watu watacheka. Wewe Andrea kazi yako ni ndogo, maneno machache tu, jizoeze nayo shambani:

"Bwana, viatu hivyo ni vya nani?"

Atasema, "Vyangu."

"Mikidadi kasema vyake, na watu wote wamesikia, na hakuna aliyebisha. Andika, bwana."

Kisha nyamaza, kama unavyojua kunyamaza. Mtazame usoni. Utaona inavyomwingia.

Akishaelewa, asiachwe hapo na aibu yake. Mjomba Severini na bibi wampeleke mteremkoni, bibi amwonyeshe makaburi ya mama zake na mama wa mama zake, mmoja mmoja kwa jina, na nani alimpa nani shamba lipi. Mikidadi awepo, aseme kaburi lipi lilichimbwa na watu wa kwao. Nani atamwaga jasho kuwachimbia kaburi watumwa wake kisha akaridhika na jogoo? Hayo ndiyo ya kupeleka Ulaya. Wanaotukanana wanazikana: kama walimu wake kweli walimtaka alete jambo wasilolijua, basi hili alilikalia juu ya kigoda akaliandika kinyume. Awaambie wazi kwamba kwanza alikosea, na alivyokosea. Sioni kwa nini akashone viatu.

Boma aende yeye. Aliyepeleka maandishi ndiye apeleke masahihisho, na mjomba, na padre, na Mikidadi katikati yao, asiende mtu peke yake. Na mumwombe sana aseme hivi: "Mimi sikuelewa." Asiseme, "Walinidanganya." Viboko viko kati ya maneno hayo mawili. Siwezi kukuahidi boma watasema nini, ningekuahidi ningekuwa mwongo, lakini mwanafunzi wao wenyewe akisimama akasema kosa ni langu, ni vigumu kumchapa mtu mwingine kwa kosa hilo.

Akikasirika, mwache akasirike. Usimfuate kumbembeleza na usijifiche. Asubuhi nenda kazini kwake kama kawaida. Mtu anayemwogopa mwalimu wake kiasi kile atakushukuru, ila itachukua muda mpaka tumbo litulie.

Na kama siku hiyo ikifika ukaona ulimi umekaliwa tena, chukua gazeti hili, liweke mezani kwake, sogea pembeni. Kiswahili cha kusoma anacho.

Kwa hiyo sasa nasema nawe, Bwana Ninihii, maana najua umefika hapa. Nyuma ya barua ya rafiki yako nimeona jina la ukoo wake. Watani wa ukoo huo nawajua, maana mama yangu mimi amezaliwa kwao, ukoo wa Mikidadi, na huko kwao mtu ni wa kwa mama yake, hilo umeliandika mwenyewe. Basi mteremko ule ni wangu, mpaka mtoni. Ulanga wangu, maharage ya bibi yake yangu, na huyo Andrea ni mtumwa wangu wa chumvi iliyolowa, tena namdai jogoo aliyesahauliwa kaburini.

Usiandike bado. Inua kichwa kwanza, uone ni nani anacheka.